Kadi ya Malindi na Isale la Masama

Basi kaeni mnisikilize, maana tangu nirudi siendi dukani nikafika. Kila hatua nasimamishwa. "Mwana, ni kweli mashine ilikumeza pesa?" "Mwana, ni kweli uling'oa mpaka wa watu?" Habari zimenitangulia, na kila aliyezipokea kazitia chumvi yake. Juzi nimeambiwa nilifungwa Moshi! Sikufungwa. Nilikula, nilinywa, nilipewa kitanda cha mwenye nyumba na mwenye nyumba akalala chini. Kwa hiyo naandika mara moja, asomaye amsomee mwenzake.

Sababu ya safari mnaijua, lakini kwa asiyejua: Faraji, mtoto wa marehemu ndugu yetu, niliyemlea mimi mwenyewe tangu afiwe na babake akiwa mdogo, anampenda Rehema, yule binti wa Kitanzania anayefanya kazi ya hesabu hotelini hapa Malindi. Rehema ni Mchagga wa Masama, huko kwenye mteremko wa Kilimanjaro, Muislamu mwenzetu. Babake alifariki, akalelewa na babu yake, Mzee Idi. Yeye ndiye wa kusema ndiyo au la. Tuliweka siku ya posa mara ya kwanza, jana yake tukafiwa, hatukwenda. Mzee akatuletea neno kupitia kwa Rehema: "Mara ya kwanza ni msiba, nimepokea. Wasipokuja mara ya pili, au wakija kunichezea, nitajua hawana haja na mtoto wangu." Faraji alinisomea neno hilo mara mbili. Moyoni nilijua kwamba posa hii ikiharibika, yule kijana ataharibika nayo.

Malindi hadi Voi

Vitu vya kupeleka tulitajiwa: blanketi la babu, blanketi la bibi, sukari, vitenge, na mbuzi. Nani avuke mpaka na mbuzi? Tukakubaliana vyote tutanunua Moshi. Ukoo mzima ukachanga, na michango yote ikaingia kwenye akaunti yangu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kadi ya benki, ile ninayopokelea pensheni yangu ya ukunga.

"Shangazi, usibebe pesa mkononi," Faraji akaniambia. "Kadi hii inafanya kazi dunia nzima."

Na kweli kadi yenyewe imechorwa dunia. Nikaamini mchoro. Nikabeba pesa za nauli na chai, nikaishona kadi ndani ya mfuko wa sketi ya ndani, nikaondoka alfajiri na kaka yangu mkubwa, Athumani. Mnamjua Kaka Athumani. Maneno machache, tumbo kubwa.

Kitu kimoja tulichobeba kutoka nyumbani ni halua. Halua ya Malindi, ya kikapu, niliyosimamia mwenyewe ikipikwa mpaka ikavuta. Nilisema wale watu wa mlimani wakila kile kipande cha kwanza watatuozea hata paka wao.

Mombasa tulibadilisha basi salama. Tulipofika karibu na Maungu basi likatoa sauti, likapiga kikohozi, likasimama. Mkanda umekatika. Dereva akashuka, utingo akashuka, abiria wote tukashuka, jua limetuangalia sisi tu. Hakuna duka, hakuna kibanda. Palikuwa na mama mmoja wa Kikamba, abiria mwenzetu, ana ndoo ya mahindi ya kuchemsha anawapelekea wanawe Taveta. Akaona watoto wa watu wanalia njaa, akafungua ndoo, akagawa yote. Yote! Akaja kwetu akatupa hindi moja moja, akasema, "Kuleni, wanangu watapika mengine."

Nikamshukuru mpaka nikakosa maneno. Nilipogeuka, Kaka Athumani ameshafungua kikapu, anamkatia yule mama halua.

"Kaka! Hiyo ni halua ya posa!"

"Mkono mtupu haulambwi," akanijibu, na kisu kinaendelea. Yule mama akamwita jirani yake, jirani akamwita wake. Mkanda mpya ulipoletwa na gari lililokuwa likitoka Voi, kikapu kilikuwa kimebaki majani yake. Nilinuna mpaka Voi. Sasa nikikumbuka nasema, ilikuwa haki. Yule mama alitoa cha wanawe, sisi tungefunga kikapu vipi?

Taveta na Holili

Mambo ya mpakani sina haja ya kuyasimulia, ni foleni na mihuri tu. Ila mjue kwamba tulipovuka upande wa Holili, simu yangu ilikufa. Si chaji, chaji ilijaa. Laini yenyewe ilikataa kuongea na Tanzania. Nikaitikisa, nikaizima, nikaiwasha. Haina habari.

Pale Holili tukaingia kwa mama ntilie kunywa chai. Nikaagiza kwa adabu zangu zote. Akaniangalia, akatabasamu, akamwambia mwenzake, "Huyu mama wa Kenya anajua Kiswahili jamani, hongera zake!"

Ebo! Mimi! Malindi! Nikaweka kikombe chini nikamwambia, "Mama, Kiswahili hiki mimi nimekinyonya kwa mama yangu na maziwa." Akacheka, akaniongezea andazi, akasema ni la pole. Andazi likanifunga mdomo. Lilikuwa zuri.

Dereva wa gari dogo la Noah aliyetuchukua kwenda Moshi alikuwa mtu mzima mpole, anaendesha polepole na kutuonyesha huku kuna nini na kule kuna nini. Mlima wenyewe hatukuuona, ulikuwa umejifunika mawingu. "Utawaona kesho," akatuambia, kana kwamba mlima ndio unaotutazama. Alipotushusha mjini nikamlipa, na kilichobaki mkononi kilikuwa cha nauli ya kesho na chakula cha usiku. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Dunia nzima ilikuwa kwenye sketi yangu.

Moshi mjini

Mashine ya kwanza iliniambia muamala umeshindikana. Nikasema pengine haina pesa, ni Ijumaa jioni, watu wameshatoa. Tukavuka barabara kwenye ya pili. Ikafikiri, ikafikiri, ikanirudishia kadi bila salamu. Kaka Athumani akasema, "Twende tukale, tujaribu kesho." Laiti ningemsikiliza. Lakini mimi nikishika jambo mnanijua. Nikaenda ya tatu, nikaingiza namba ya siri, ikakataa, nikaingiza tena kwa nguvu kidogo, na ile mashine ikavuta kadi yangu ndani. Nikangoja itoke. Kioo kikaandika karibu tena.

Nikaipiga kofi.

"Mama, taratibu," mlinzi akaja. "Mashine haina makosa, labda ni kadi."

"Kadi ina makosa gani? Imechorwa dunia!"

Masikini mlinzi, hakujua pa kuangalia. Akanieleza kwa upole kwamba benki imefungwa, nije kesho asubuhi, watakuwepo nusu siku. Nikakaa kwenye ngazi za ile benki nikajifunika uso na mtandio. Watu wa mchango wote wakanipitia machoni mmoja mmoja, hasa wewe Bi Khadija uliyeuza kuku wako. Na Faraji. Kesho adhuhuri tunangojwa Masama, na sina hata kilo ya sukari.

Mtaniuliza, kwa nini wasingekutumia kwa simu? Nani wa kunitumia, na kila mwenye chochote ameshakitia kwenye hiyo hiyo kadi?

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mwanamke anakaanga vitumbua. Alikuwa ameona kila kitu, tangu kofi mpaka mtandio. Akaacha karai kwa mwenzake akaja akakaa ngazini karibu yangu, hajui jina langu, hajui dini yangu, akaniuliza, "Dada, imemeza?"

Nikamwambia imemeza.

"Mna pa kulala?"

Tulikuwa napo pa kulipia, na sasa hatukuwa na cha kulipia. Hakungoja nimalize. "Inukeni," akasema. "Ukilia ukiwa umeshiba, kilio kinakuwa kifupi."

Huyo ndiye Bi Zubeda. Babake Mwarabu, mamake Mpare, yeye mwenyewe mtu wa Moshi mjini, mjane, mwenye vyumba viwili nyuma ya uwanja mdogo wa mpira. Alimpa Kaka Athumani chumba cha mwanawe aliyeko Dar, mimi akanipa kitanda chake, na yeye akatandika mkeka. Nikagombana naye, nikashindwa. Jama, mimi nina ndugu wa damu ambao sijui kama wangeniondoa kwenye ngazi za benki. Kila ninapomtaja Bi Zubeda katika dua zangu namtaja kwa jina lake kamili na la mamake, ili Mungu asije akamchanganya na mwingine.

Jumamosi asubuhi

Asubuhi akatupikia mtori. Nilipoletewa bakuli nikadhani ni uji, nikauliza sukari iko wapi. Bi Zubeda akacheka mpaka akashika ukuta. Ni ndizi zilizopondwa na nyama ndani, chumvi, hamna nazi hata tone. Ndizi bila nazi! Kaka Athumani alikula bakuli lake, akala na la kwangu nusu, akasema watu wanaopika hivi si watu wabaya. Kwake yeye hilo ni sifa ya mwisho.

Benki walinipokea vizuri, tena vizuri sana. Kijana wa pale aliniita mama, akanivutia kiti, akaniambia kadi ya benki ya nje mwenye kibali cha kuitoa kwenye mashine hayupo mpaka Jumatatu. Nikapiga simu benki yangu huku nyumbani kwa simu ya Bi Zubeda. Muziki ukapigwa, ukapigwa, vocha ya watu inaliwa, hatimaye binti akanijibu.

"Mama, ulisafiri bila kutuarifu. Tuliona kadi inatumika nchi nyingine, tukaifunga kwa usalama wako."

"Usalama wangu! Mimi ndiye niliyekuwa naitumia."

"Tulikutumia namba ya kuthibitisha kwenye simu yako, hukuijibu."

Simu yangu ilikuwa mkobani, maiti tangu Holili.

Niseme na hili nilimalize, ili wenye kuchanga walale usingizi: Jumatatu kadi ilitolewa, benki ya hapa ilinihoji jina la mama yangu na kazi yangu ya zamani, ikaridhika kuwa mimi ni mimi, na hakikupungua hata thumuni. Nawashukuru hata wao, maana angekuwa mwizi kweli ningewapigia vigelegele. Lakini posa ilikuwa Jumamosi.

Nikampigia Faraji kwa simu ile ile. Nilimweleza. "Shangazi," akasema, "nendeni tu. Hata mikono mitupu. Msipoonekana leo, nimemkosa."

Sauti yake ilikuwa ile ya siku alipofiwa na babake. Nikamwambia tutakwenda. Nikakata nikamgeukia Bi Zubeda. "Nitamwambia nini yule mzee? Kwamba mashine imemeza mahari?"

Bi Zubeda alikuwa anafungua sanduku lake. Akatoa blanketi jipya, bado liko kwenye nailoni, alilomwekea mwanawe. Akalitia mikononi mwangu, na sukari ya biashara yake ya vitumbua juu yake. Nikakataa, akanifokea. Halafu akasema:

"Sikiliza dada. Usiende kujieleza habari za benki. Mzee hataelewa, na akielewa hatapenda. Wewe chukua isale."

"Isale ndiyo nini?"

"Ni mti. Una majani marefu, umesimama kama muhindi uliokosa kuzaa. Huko juu upo kila mahali, huwezi kuukosa. Mchagga ukimkosea, ukamwendea na isale mkononi, hawezi kukukataa. Akikukataa, kosa linahamia kwake. Wala dini haiingii hapo, Waislamu wao, Wakristo wao, wote wanaliheshimu."

Moyo ukanirudi mahali pake. Nikambusu mikono. Alichosahau kuniambia Bi Zubeda, kwa kuwa kwake ni jambo linalojulikana na mtoto mdogo, ni kwamba linalochukuliwa ni jani.

Kupanda Masama

Tulipanda gari mpaka Boma Ng'ombe, tukapanda jingine la kupandisha mlimani, na lile likafika mahali likaanza kurudi nyuma kwa matope. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Dereva akasema waliobaki watembee, si mbali. Si mbali ya mtu wa mlimani msiiamini kamwe. Kaka Athumani alibeba blanketi kichwani, mimi nimebeba sukari na viatu vyangu mkononi, tunateleza kwenye udongo mwekundu, huku ndizi, kule kahawa chini ya ndizi, na ng'ombe wanatulilia kutoka mabandani bila kuonekana. Baridi! Mimi nilizaliwa na joto, nitazikwa na joto. Meno yalikuwa yanagongana.

Bibi mmoja aliyebeba mzigo wa majani ya ng'ombe tukampa shikamoo, akatuitikia marahaba na kutuonyesha. "Kwa Mzee Idi? Fuateni mfereji. Bati la kijani."

Tukafuata mfereji wa maji. Na hapo kona, kabla ya bati la kijani, nikayaona. Masale! Majani marefu kama alivyoniambia Bi Zubeda, na yamepangwa safu moja kushuka chini. Na la mwanzo pale kona lilikuwa zuri kupita yote, nene, la zamani, limejaa majani.

"Kaka, shika sukari."

"Unachuma jani?"

"Jani moja? Tumekuja kuomba mke au dawa ya kikohozi?"

Ndugu zangu, sisi hapa mtu akienda kuomba radhi hapeleki ua moja. Anapeleka kikapu, anapeleka shada, jirani waone. Mimi nimekuja bila mbuzi, bila vitenge, halua imeliwa Maungu. Nikasema lazima isale lenyewe liwe la maana. Nikalishika shina kwa mikono miwili, nikaweka mguu, nikavuta. Udongo ulikuwa umelowa na mvua, likaja lote, mizizi na tonge la matope chini yake. Nikaliweka begani, nikaenda nalo kama mtu aliyetoka kushinda vita.

Kwa Mzee Idi

Uani wamekaa wazee kadhaa kwenye viti, wanawake wamesimama mlangoni, Rehema, aliyetangulia kurudi kwao kwa ajili ya siku hiyo, yuko nyuma yao amejifunga ushungi wake mzuri. Mzee Idi mwenyewe ni mtu mfupi, kofia, koti, fimbo. Nilijua ni yeye kwa sababu hakusimama.

Nikapiga magoti kwenye matope, nikatoa shikamoo, nikamnyooshea lile isale. "Baba, tumekuja kama tulivyoahidi. Lakini tumepatwa na mitihani njiani, hatukuleta mlivyotuagiza. Tunaomba radhi."

Mzee Idi alikuwa haniangalii mimi, anaangalia mizizi.

"Mama," akaniuliza polepole, "hili umelitoa wapi?"

"Hapo kona, karibu na mfereji."

Bibi mmoja mlangoni, ambaye baadaye nilijua ni Bibi Hawa mkewe, akajipiga kifuani. "Mungu wangu! La mpaka!"

Kabla sijaelewa nikasikia kelele kutoka chini kwenye migomba, mtu anapanda anafoka kwa Kichagga, akatokeza uani, mzee mwingine, uso ni ule ule wa Mzee Idi ila mrefu zaidi, na mkononi ana panga la kukatia majani. Akamnyooshea Mzee Idi kidole. "Idi! Umeling'oa! Leo umeling'oa kabisa!"

Wazee wakasimama. Rehema akalia, "Babu, jamani!" Mimi nilikuwa katikati yao, nimepiga magoti, nimeshika ushahidi. Kaka Athumani ameganda na blanketi kichwani. Nikasema moyoni, Mwana, ndio umemwoza Rehema kwa mwingine. Nikamgeukia yule mzee wa panga, na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine duniani, nikamnyooshea na yeye isale.

"Baba, nimeling'oa mimi. Mimi mgeni, sikujua. Nisamehe."

Akasimama. Macho yakashuka kutoka usoni kwangu mpaka kwenye majani, mpaka kwenye mizizi. Watu wote wakawa wanamtazama mkono. Kisha akainama, akaliweka panga chini, maana kumbe isale halipokewi kwa panga, akaja akalishika shina kwa mikono yote miwili. Mimi sikuliachia, nilikuwa nimeganda. Na upande wa pili Mzee Idi akainuka kitini, akaja, na yeye akalishika.

"Nani alikutuma?" akaniuliza yule mrefu.

"Hakuna. Niliambiwa nije na isale. Nikaona jani moja ni uchoyo."

Bibi Hawa ndiye aliyeanza. Alijiziba mdomo na kitenge lakini cheko likatoka pembeni. Wanawake wote wakafuata. Yule mzee mrefu mabega yakaanza kumcheza. "Mtu anatoka Kenya," akasema, "anapanda mlima wote huu, aje ang'oe mpaka wangu!"

"Mpaka wetu," akasema Mzee Idi.

Kicheko kikakatika mara moja. Bibi Hawa akakaa chini pale pale alipokuwa.

Ni yeye aliyenieleza baadaye, jikoni, akinikausha miguu kwa kanga yake mwenyewe. Yule mrefu ni Mzee Hamisi, ndugu wa Mzee Idi, tumbo moja. Kihamba chao, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, waligawiwa na baba yao, na lile isale la kona aliliweka marehemu kwa mkono wake kuwa alama ya mpaka. Kila mmoja alikuwa akisema mwenzake amelisogeza. Wakanuniana. Wakaacha kuzikana, wakaacha kula sikukuu ya Idi pamoja, hata watoto wakakatazwa kuwaamkia wa upande wa pili. Wazee wa ukoo walisuluhisha wakachoka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na neno moja: aliyekosa aniletee isale. Na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kulibeba. "Wote wawili walikuwa wanalingoja," akaniambia Bibi Hawa. "Wewe umewaletea wote kwa pamoja. Hakuna aliyelibeba, na hakuna awezaye kulikataa."

Nikamwambia mimi sikujua chochote. Akasema anajua sikujua, angeona najua asingeniamini.

Tulishuka wote kulirudisha. Mimi niliambiwa nilishike wima, kwa kuwa ndiye mwenye kosa. Shimo lilikuwa bado liko wazi, mguu wangu umechorwa pembeni yake. Mzee Idi akasema, "Lisogeze huku kwangu kidogo, apate nafasi." Mzee Hamisi akasema, "Hapana. Lirudi alipoliweka baba." Wakapiga magoti, wakarudishia udongo kwa mikono, wazee wale, makoti yao mazuri ndani ya matope, wala hawatazamani. Nilikuwa nimelishika lile shina na machozi yananidondoka, siwezi kujifuta.

Kisha tukaingia ndani. Tukapewa maziwa mgando na ndizi za kuchoma, na Mzee Hamisi akakalishwa kwenye kiti cha karibu na ndugu yake. Kaka Athumani akasimama, akakohoa, akatoa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa maishani: "Tulivyoagizwa tutavileta wiki hii, inshallah. Leo tuna blanketi moja na sukari, tena ni za mwanamke wa Moshi aliyetuokota. Tunaomba mtoto."

Mzee Idi akalipokea lile blanketi. Akalishika mapajani, akalipapasa, na mimi nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa chuo cha Kurani. Halafu akainuka, akalifungua, akamfunika nalo ndugu yake mabegani. Mzee Hamisi alikuwa amelowa.

"Ongea wewe," Mzee Idi akamwambia. "Wamekuja kuomba mtoto."

Rehema aliitwa. Akatoka na sinia la maziwa, akaliweka, akasogea mpaka mbele ya Mzee Hamisi, akainamisha kichwa. Nikaona Bibi Hawa anamshika jirani yake mkono.

"Shikamoo, babu."

Mzee Hamisi akamwekea mkono kichwani, juu ya ushungi, akaukalisha pale.

"Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba, mama." Akatugeukia sisi.

"Sisi tumekubali," akasema. "Mtoto wetu tumewapa."